Ukuta Usiofika Juu

Masista walitufundisha urefu na upana, basi. Ilikuwa shule ya wasichana ya misioni, hapa Élisabethville, miaka ile baada ya vita kuu ya pili, na mimi nilikuwa binti wa Kasai ambaye baba yake aliletwa huku na kazi ya reli. Sista alichora pembenne ubaoni, akaandika upande mmoja longueur, upande wa pili largeur, akatuambia tuzidishe moja kwa nyingine. Tukazidisha. Tulipata eneo la kitambaa cha meza, la shuka, la pazia, la nepi ya mtoto ambaye hatujamzaa bado. Mwaka mzima tulikuwa tunazidisha vitu vya kufua na kupiga pasi.

Upande wa pili wa ua, kwa mapadre, wavulana walikuwa wanapewa vipande vya mbao washike mikononi, wavigeuzegeuze, wahesabu pembe zake. Tuliwaona kupitia dirishani. Siku moja nikanyoosha mkono nikauliza, "Ma sœur, na kwenda juu je?" Alinitazama kama mtu aliyeona panya jikoni. Akasema kwenda juu ni kwa wale watakaojenga, sisi tutashona, na nguo haina unene wa kuhesabu. Nilikaa chini. Ile hasira niliyokaa nayo siku ile sijaimaliza hadi leo, na mimi ni mzee.

Kwanza ulikuwa uongo. Mwulize mwanamke yeyote aliyenunua unga sokoni wakati ule. Mfanyabiashara alikuwa na kopo la kupimia, na kopo hilo kitako chake kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikapanda ndani. Ukilitazama kwa nje, mdomo ni ule ule, kimo ni kile kile. Ukitia mkono ndani ndipo vidole vinagota mapema. Hakuna mama aliyenunua bila kutia mkono kwanza. Sisi wanawake tulikuwa tunaijua dimension ya tatu, hiyo ya kwenda juu, kwa vidole vyetu wenyewe, tena kwa njaa ya watoto wetu. Tulichonyimwa ni jina lake tu.

Jina hilo nililipata kwa mume wangu. Yeye alikuwa mtu wa Kasenga, mtoto wa watu wa samaki wa Luapula, aliyesomeshwa na mapadre akapata kazi katika ofisi ya majengo ya kampuni moja ya mjini. Kazi yake ilikuwa kunakili michoro: unaweka karatasi nyembamba inayopenya mwanga juu ya mchoro wa Mzungu, unafuata mistari yake kwa wino, usitetemeke. Alikuwa na mkono mtulivu sana. Jioni alinikalisha mezani na kisanduku cha kiberiti, akanieleza. Nukta haina urefu wala upana wala kimo. Ukiiburuta nukta unapata mstari, una dimension moja. Mstari ukiuburuta kando unapata uso, una mbili. Uso ukiuinua unapata kitu chenye ndani, na kitu chenye ndani ndimo mtu anamoweza kukaa. Akaniambia pia jambo ambalo lilinifurahisha sana, kwamba vipimo vya dimension tofauti havijumlishwi. Huwezi kuchukua mita ya kamba ukaiongeza kwenye mita mraba ya shamba. "Kamba ni kamba, shamba ni shamba," alisema, akacheka, nami nikampenda zaidi.

Lakini hata yeye walikuwa wamempunguzia. Katika ofisi ile mtu mweusi alinakili plan, yaani nyumba inavyoonekana ukiitazama kutoka angani paa likiwa limetolewa. Ule mchoro wa pili, unaoitwa coupe, ambao unaikata nyumba toka juu mpaka chini ili uone kuta zimepanda hadi wapi, ulikaa kwenye meza ya dirishani, na meza hiyo ilikuwa ya Wazungu wawili. Si kwamba ilikuwa siri. Haikuwa kazi yake tu. Nilimwambia: kumbe na wewe ulisoma kwa masista. Hakucheka.

Sasa nieleze juu ya mama yangu, maana haya yote ni kwa ajili yake.

Mimba yangu ya kwanza iliharibika karibu na kuzaa. Mtoto alitoka kimya. Mama yangu wakati huo alikuwa Kasai, alirudi huko baada ya baba kufa, na habari ilimfikia yote yakiwa yamekwisha. Nilipopata mimba ya pili alituma neno kwa watu wa treni: nakuja, na nisipokuwepo mimi mtoto huyo asizaliwe. Ndivyo alivyokuwa, anaamuru hadi tumbo la mtu mwingine. Kwetu mtoto wa kwanza wa binti anapokelewa na mama wa binti, na kitovu kikishaanguka, ni yeye huyo bibi anayemwosha mara ya kwanza kwa maji ya majani. Mwingine akimwosha, mtoto anakua kama mgeni katika ukoo wake mwenyewe.

Lakini kuna ukwe. Kwetu tunaita buko, na si adabu ya kuinamisha macho tu. Mama mkwe na mume wa binti yake hawali wakionana, hawapeani mkono, na hawalali chini ya paa moja. Mama mkwe hasikii maneno ya chumba cha binti na mumewe. Akisikia, ubaya haumwendei yeye wala mkwewe, unamwendea mtoto aliye tumboni. Ukiwa umeshazika mmoja, hilo huwezi kulichezea.

Kwao Kasenga pia wana heshima hiyo, ila mume wangu aliniambia kwao wanahesabu mlango. Mama mkwe akiwa na mlango wake, basi yuko nyumba nyingine, yamekwisha. Kwetu tunahesabu paa. Tofauti hii tuliiongelea siku nyingi kama mzaha wa mke na mume, nani katoka kwa watu wenye akili. Hatukujua itatuuma.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja katika kambi ya kampuni. Mama angelala wapi? Hoteli ya mtu mweusi haikuwepo. Ndipo siku moja mume wangu akarudi kazini anang'aa uso. Alikuwa amenakili plan ya nyumba mpya za kambi, nyumba za watu wawili wawili zimegandana mgongo kwa mgongo. Alichukua chaki ya kushonea niliyokuwa nayo akanichorea juu ya meza.

"Angalia," akasema. "Hapa shiye. Hapa bajirani. Kila muntu na mulango yake, na numero yake. Mama atalala kwa bajirani, upande ya huku. Iko nyumba ingine."

"Na huku juu?"

"Juu kuko mabati."

"Minauliza ukuta. Inafika mpaka wapi?"

"We pia! Unaona hii mustari vile iko munene? Njo ukuta ya matofali. Mimi njo nilichora, kwa mukono yangu."

Mstari ulikuwa mnene kweli. Nilitaka kuamini, kwa hiyo nikaamini kidogo. Yeye akaenda akaomba nyumba hiyo, akaomba tena, akawaamkia watu ambao hakuwa na sababu ya kuwaamkia, mpaka akaipata. Jirani yetu alikuwa mtu wa kwenye tanuru la shaba, na mkewe alikuwa mwanamke wa Sakania, mnene, mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Nilipomweleza shida yangu hakungoja nimalize. "Mama yako njo mama yangu," akasema. "Atalala pa salon yetu, pa kupokea bageni. Bwana yangu atanyamaza, na asiponyamaza atalala inje." Tulipiga hesabu, mama alikuwa tayari njiani.

Tukahamia. Niliingia na ndoo ya vyombo kichwani, nikaitua, nikainua macho.

Ukuta ulikuwa pale pale ulipochorwa, wa matofali, mnene vile vile. Ulipanda mpaka pale ambapo mtu mrefu akinyoosha mkono anagusa, ukaishia hapo. Kutoka hapo mpaka kwenye mabati palikuwa wazi kabisa, toka ukuta wa upande mmoja mpaka wa upande mwingine. Nilimsikia mke wa jirani upande wa pili akiweka sufuria chini, kama aliweka miguuni pangu. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Mama weee," na mimi nikajibu, "Mama weee," na hatukuwa tunapiga kelele hata kidogo.

Mume wangu alisimama mlangoni na godoro mabegani. Aliutazama ukuta ule muda mrefu. Sijawahi kumwona mtu amesalitiwa na mstari wake mwenyewe, ila siku hiyo. Na mimi badala ya kumhurumia nilimgeukia nikamwambia maneno makali ambayo majirani waliyasikia yote, kwa sababu hiyo hiyo.

Kesho yake alimwuliza mkubwa wake ofisini. Huyo wala hakukasirika. Alimwita kwenye meza ya dirishani, akamwonyesha coupe. Ilikuwa imechorwa vizuri, ukuta umesimama katikati ya nyumba, umeishia chini ya paa, na kando yake kuna mshale mdogo mzuri umeandikwa hewa. Akamweleza kwamba daktari wa afya anadai kila mtu awe na kiasi chake cha hewa ndani ya nyumba, kinachohesabiwa kwa mita za ujazo, na vyumba hivi ni vidogo, kwa hiyo ukuta umekatwa ili hewa izunguke. Mume wangu alirudi akanirudishia maneno aliyoambiwa, kwa Kiswahili kile kile cha Mzungu: "Beye bantu beusi banapenda kufunga-funga nyumba, kisha banakohoa. Shiye tunabapatia hewa."

Nilikuwa nachambua mboga za majani ya mihogo. Niliacha kisu.

Nilimwuliza: hiyo hewa wameihesabu vipi? Akasema urefu mara upana mara kimo, mpaka kwenye mabati. Nikamwuliza: urefu wa upande wetu, au wa pande zote mbili? Akachukua chaki, akaandika, akafuta, akaandika tena. Kisha akaweka chaki chini: namba aliyoiona kwenye coupe ilitoka kwa urefu wa pande zote mbili. Ukuta ukiwa hauufungi upande wetu, basi ndani ni moja, na kila nyumba imeandikiwa ndani yote. Hewa ile ile ilikuwa imehesabiwa kwetu ikahesabiwa tena kwa jirani. Kwa karatasi za daktari sote tulikuwa tunapumua vya kutosha. Yule mfanyabiashara wa kopo lililogongwa kitako angalau alituibia unga ambao tuliuona.

Wapo wanaosema hasira hasara. Hasara nilikuwa nayo tayari, imejaa nyumba nzima. Hasira ilikuwa faida yangu pekee.

Tuliziba. Mume wangu alitafuta magunia na mikeka, akapanda juu ya meza na misumari mdomoni, mume wa jirani akapigilia upande wake, wakaongea kupitia pengo mpaka pengo likaisha na sauti zao zikawa nzito, za mbali. Nililia kwa furaha. Kwa muda wa siku chache tu tulikuwa na nyumba yenye ndani yake yenyewe. Nilipika, nikaimba, na hakuna aliyeitikia.

Halafu mkubwa wa kambi akapita na watu wake wa usafi. Aliingia bila kubisha, kama walivyokuwa wanaingia, akainua fimbo yake akaigusa mikeka. Akasema inaleta papasi na kunguni na inazuia hewa. Vijana wake waliiangusha yote. Vumbi lilianguka kwenye chungu changu. Alinitazama tumbo, akasema, kwa wema, naapa kwa wema, kwamba mtoto atahitaji hewa safi. Mke wa jirani kutoka upande wa pili akasema kwa Kibemba neno ambalo sitaliandika. Mkubwa akauliza nani anaongea, na mimi nikamwambia ni nyumba nyingine.

Mama alifika ikiwa bado kuna vumbi. Nilimpokea stesheni, yuko na kapu lake na fungu la majani yamefungwa kwenye kitambaa, na nilimwambia ukweli kabla hatujatoka pale. Nilimwambia mlango ni mwingine, namba ni nyingine, ukuta ni wa matofali, lakini hauendi mpaka juu. Alisikiliza huku akinipapasa tumbo hadharani. Kisha akaniuliza kwa lugha yetu, "Na paa?"

"Paa ni moja, Mama."

Akajitwika kapu lake, tukaondoka. Tulipofika kambini alisimama nje akaitazama nyumba kutoka pembeni, pale ambapo unaona bati limepanda upande huu likashuka upande ule bila kukatika. Nilijua anachohesabu. Lakini alikuwa amesafiri siku nyingi kwa ajili yangu, na alikuwa ananipenda. Akasema, "Nitajaribu. Nitaziba masikio." Akaingia kwa mke wa jirani, akafunga kitambaa kichwani mpaka chini ya masikio, akakaa na mgongo kwa ukuta wetu.

Mume wangu siku hiyo, alipokuja mchana kula, aliishi kama mwizi katika nyumba yake. Alitembea kwa vidole vya miguu. Aliomba chumvi kwa kuonyesha. Alikula nje nyuma ya jiko. Nilimwona anavyojitahidi nikamsamehe ule mstari wake. Lakini mtu akitoka kazini amechoka, ameinama siku nzima juu ya karatasi, mwili unasahau. Jioni ile ile alivua viatu, kimoja kikaanguka, akapiga mwayo mkubwa, akaniambia kwa sauti yake ya kawaida ya kila siku, "Bibi yangu, kuya unikande mugongo, mugongo inaniua."

Ni hayo tu. Si neno baya. Ni neno la mume kwa mkewe, mahali pao. Upande wa pili nikasikia kitu kama mtu aliyevuta pumzi akaizuia. Halafu mlango wa jirani ukafunguka. Nilipotoka mama alikuwa ameshaketi nje, chini, kwenye jiko lisilo na ukuta, kapu lake mapajani, ingawa ilikuwa miezi ya baridi.

"Siwezi," alisema. "Nilimsikia. Mmoja tumeshamzika. Ukinipenda usiniombe."

Sikumwomba. Nilikuwa na hasira naye pia, niseme wazi. Nilitaka achague mimi, siyo buko. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa amemchagua mtoto, na kwamba kati ya watu wote waliohusika na nyumba ile, yeye peke yake ndiye aliyeitazama nzima, toka chini mpaka juu, kabla hajalala ndani.

Asubuhi polisi wa kambi alimkuta pale jikoni. Kibali chake cha kukaa kambini kilisema mgeni wa nyumba namba fulani. Mbona analala nje? Akapelekwa kwa mkubwa wa kambi, na mimi nyuma yake na tumbo langu. Nilijaribu kueleza. Nilisema paa, nilisema ukwe, nilisema ukuta haufiki. Alinisikiliza akitazama saa yake. "Mugeni ya nyumba analala mu nyumba," akasema. "Hataki nyumba, basi hana kibali." Akakichana. Mume wangu alikuwa na kawaida ya kusema wataalamu wa Ulaya wamegundua kwamba wakati nao ni dimension, ya nne, kwamba kitu hakiko mahali tu, kiko mahali na muda. Siku hiyo nilimwambia Wazungu wa kambi waliijua zamani. Mtu mweusi alikuwa na urefu, upana, kimo, na tarehe ya kwisha.

Mama akaenda kukaa kwa watu wa kwetu huko cité, mtaa wa watu weusi, upande wa pili wa mji. Mwanzoni nilimfuata kwa miguu, kisha miguu ikavimba nikashindwa.

Uchungu ulinishika mchana, jua la saa sita. Mke wa jirani alinisindikiza mpaka maternité, nyumba ya kuzalia ya kambi, na mtoto wake mkubwa akatumwa mbio cité. Mama alikuja. Alikuja mpaka kwenye geti la kambi na majani yake, na pale getini wakamzuia, kwa sababu hana kibali, na aliyechana kibali alikuwa amekwenda kula. Alisimama. Mimi nilikuwa ndani nalia jina lake, na nesi alikuwa ananiambia kwa Kifaransa nisukume, na sikuwa na mtu hata mmoja wa kunishika mgongo kwa lugha yangu. Mama aliambiwa na wafanyakazi waliokuwa wanatoka zamu kwamba mke wa yule mchoraji amezaa msichana na msichana analia. Aliwauliza mara mbili kama analia kweli. Kisha akaketi chini.

Binti yangu alizaliwa mzima. Hilo nililiombea, nikalipata, na bado sikuweza kushukuru vizuri. Kila nesi alipomkaribia na beseni nilimkumbatia nikageukia ukuta. Nilisema mtoto ana homa, nikasema maji ni baridi, nikasema uongo wote ninaoujua. Walimpangusa kwa kitambaa, sikuwaruhusu zaidi. Walinicheka kwamba mke wa mtu wa ofisini ana ushenzi. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa nangoja kitovu kianguke.

Kilianguka tukiwa tumesharudi nyumbani, asubuhi, mume wangu akiwa hajaenda kazini. Nilikifunga katika kitambaa. Sikumwuliza mtu ruhusa. Nilichukua beseni la enameli, nikamfunga mtoto kifuani, nikamwambia mume wangu achemshe maji alete na birika. Aliuliza alete wapi. Nilimwambia getini.

Mama alikuwa pale nje. Watu wa kwetu waliniambia baadaye kwamba alikuwa anakuja kila asubuhi anaketi ng'ambo ya barabara. Geti lilikuwa ni boriti moja tu ya kuinua na kushusha, na polisi kando yake. Mtoto mchanga hakuruhusiwa kutoka kambini kabla ya kupimwa uzito kwa madame wa usafi. Mama hakuruhusiwa kuingia. Nikapiga magoti ndani ya kambi, mama akapiga magoti nje, na beseni nikaliweka chini ya boriti, katikati.

Mume wangu alikuja na birika. Alipomwona mama mkwe wake aligeuka, akatembea kinyumenyume hatua za mwisho, akaiweka birika chini bila kutazama, akarudi akasimama mbali na mgongo kwetu. Mama naye alifunika uso mpaka alipokwenda. Hapakuwa na paa juu yetu, wala la jirani. Akachanganya maji, akayapima joto kwa kiwiko, akatia majani yaliyokuwa yamekaukia kwenye kitambaa siku zote zile.

"Mama," polisi akasema, "pa geti hapana kuoshea mutoto."

Mama hakuinua kichwa. Nilimtoa mtoto kifuani nikampitisha chini ya boriti, na mama yangu akampokea kwa mikono miwili. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumshika. Alimtazama kidogo, kisha akaanza kazi, kichwa, shingo, makwapa, taratibu, huku akimtajia majina ya watu wake, waliokufa na waliobaki. Wafanyakazi wa zamu walianza kujaa nyuma yangu, na nje ya geti lori la kampuni lilikuwa limesimama likipiga honi. Dereva Mzungu alitoa kichwa dirishani. Hakuna aliyesogea. Mke wa jirani alikuwa amekuja na yeye, akasimama mbele ya lori na mikono kiunoni.

"Mama, nakuomba," polisi akasema tena, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtoto wa mtu. "Mukubwa anakuya. Kazi yangu itaisha. Umemaliza?"

Mama yangu, ambaye Kiswahili cha huku alikuwa anakijua maneno machache tu, alimgeuza mtoto taratibu, akachota maji kwa kiganja, akaanza mgongo.

"Bado," akasema.